Kamera ya Gari Inapoikataa Kadi Iliyotoka Kwenye Kompyuta

Soma kwanza swali hili, kisha tutalifanyia kazi pamoja.

"Dereva wa Noah ya abiria alipeleka kadi ya kamera ya gari lake steshenari ili anakiliwe video moja. Siku kumi na nne baadaye, akiwa amesimama kwenye taa za barabarani usiku, aligongwa kwa nyuma na lori. Dereva wa lori alidai kwamba Noah ndiyo iliyorudi nyuma. Kadi ilipofunguliwa haikuwa na video hata moja ya wiki hizo mbili. Eleza kilichoweza kutokea."

Watahiniwa wengi wakilisoma swali la aina hii hukimbilia maneno mawili, yaani "kadi imeharibika" au "kadi ina virusi", kisha hufunga jibu. Majibu hayo si ya uongo moja kwa moja, ila hayaelezi kitu. Swali limetaja steshenari kwa makusudi. Limetaja pia kwamba video zilizokosekana ni zile za baada ya kadi kutoka steshenari. Kwa hiyo tunatakiwa kueleza kompyuta iliifanyia nini kadi, na kwa nini kamera haikuweza kuendelea baada ya hapo.

Tuelewane kuhusu uzito wa jambo lenyewe. Kamera ya gari hufungwa kwenye kioo cha mbele na hurekodi muda wote gari linapowaka. Magari kadhaa yaliyotumika Japani huletwa huku yakiwa nayo tayari, mara nyingine na maandishi ya Kijapani ambayo mwenye gari hayasomi. Katika kisa chetu kamera inatazama mbele, na lori limegonga nyuma, lakini video bado ingetosha kumwokoa dereva. Kama Noah ilikuwa imesimama, taa na magari yaliyo mbele yangeonekana yametulia hadi mshtuko ulipotokea. Kama ilirudi nyuma, vitu hivyo vingeonekana vikienda mbali kidogo kidogo. Sekunde tano tu za video zingemaliza ubishi mbele ya askari wa usalama barabarani. Sekunde hizo hazipo.

Kadi na daftari lake la orodha

Kadi ya kumbukumbu, ambayo mitaani tunaiita memori kadi, haina mkanda wala sahani inayozunguka. Ndani yake kuna chipu za flashi, aina ya kumbukumbu iliyobuniwa na Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba, Japani, miaka ya 1980. Chipu hutunza data hata umeme ukikatika. Kiwango cha kadi za SD kilitangazwa mwaka 1999 na kampuni tatu: Panasonic, SanDisk na Toshiba. Kadi ndogo inayoingia kwenye kamera nyingi za gari, na kwenye simu pia, ni ya ukoo huohuo.

Chipu peke yake haijui video ni nini. Inahitaji mfumo wa faili. Fikiria ghala lenye vyumba maelfu na daftari moja mlangoni. Daftari linaonyesha mzigo wa nani uko chumba gani, na vyumba vipi viko wazi. Mwenye ghala akilipoteza daftari, mizigo haitoki ghalani, ila hakuna anayeweza kuipata. Na kama daftari limeandikwa kwa hati ambayo mlinzi haisomi, mlinzi hatamruhusu mtu kuingiza mzigo mpya. Hapo ndipo kamera ya dereva wetu ilipokwama.

Kuna madaftari ya aina tatu utakayokutana nayo. FAT32 ilikuja mwaka 1996 na toleo la pili la Windows 95, na inasomwa na karibu kila kifaa. Udhaifu wake ni kwamba faili moja haliwezi kufikia GB 4 kamili. exFAT ilitolewa na Microsoft mwaka 2006 kwa ajili ya kadi kubwa. NTFS ni mfumo wa diski za ndani za kompyuta za Windows, na kamera za gari kwa kawaida haziufahamu kabisa. Kiwango cha SD kimeweka mgawanyo wazi: kadi za SDHC, zinazozidi GB 2 hadi GB 32, hutumia FAT32, na kadi za SDXC, zinazozidi GB 32 hadi TB 2, hutumia exFAT.

Usichanganye hapa. Zipo kamera zinazopokea kadi ya GB 64 au 128 ilimradi iwe imefomatiwa kwa FAT32, kinyume na mgawanyo wa kiwango. Dirisha la kawaida la kufomati la Windows kwa miaka mingi halikutoa FAT32 kwa kadi inayozidi GB 32, lilitoa exFAT na NTFS tu. Mtu akiifomati kadi hiyo kwenye kompyuta, hata kwa nia njema, anairudisha kamerani ikiwa na daftari la hati nyingine.

Kamera huzunguka

Jambo la pili la kuelewa ni namna kamera inavyotumia nafasi. Hairekodi video moja ndefu. Hukata vipande vya dakika moja, tatu au tano, na kadi inapojaa hufuta kipande cha zamani kuliko vyote ili kupata nafasi ya kipya. Huku ndiko kurekodi kwa mzunguko. Ndani ya kamera kuna pia kihisi cha mtikisiko. Gari likigongwa, au hata likiingia shimo kubwa, kipande kinachorekodiwa wakati huo hufungwa kwa alama maalumu kisifutwe na mzunguko. Barabara ya mashimo huweza kujaza kadi kwa vipande vilivyofungwa bila ajali yoyote, na madereva wengi hawalijui hilo.

Kamera nyingi hufuta faili zao zenyewe tu, zile zilizo kwenye folda zao na zenye majina ya mtindo wao. Wimbo au filamu uliyoiweka wewe hawaigusi. Video uliyoibadilisha jina kwenye kompyuta kuwa "safari ya Moshi" inaweza nayo kuhesabiwa kuwa kitu kigeni, ikakaa palepale ikila nafasi.

Baadhi ya kamera huenda mbali zaidi. Zinapofomati kadi hutengeneza mapema faili nyingi za ukubwa sawa, tupu, kisha hurekodi kwa kuandika juu ya faili hizo kwa zamu. Faida yake ni kwamba data haitawanyiki ovyo kwenye kadi. Hasara yake ni kwamba ukifungua kadi hiyo kwenye kompyuta, ukaona faili usizozielewa na kuzifuta "ili kusafisha", umeivunja kazi yote ya kamera. Ukiirudisha, kamera itatoa mlio na maneno ya kosa.

Kompyuta inavyoiharibia kadi

Sasa turudi steshenari. Dereva ameingia saa za jioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nitolee video ya jana humu, unirushie kwenye simu."

"Sawa mzee. Lakini kadi yako imejaa hii, hata virusi naona vimo. Nikusafishie?"

"Safisha tu."

Neno "safisha" linaweza kuwa na maana nne au tano tofauti, na mtahiniwa mzuri huzitenganisha.

Maana ya kwanza ni kufuta faili moja moja. Kwenye Windows, faili lililofutwa kutoka kwenye kadi kwa kawaida haliendi kwenye pipa la taka, linaondoka kwenye orodha papo hapo. Kwenye kompyuta za Apple ni tofauti. Faili huhamishiwa kwenye folda ya taka iliyofichwa ndani ya kadi hiyohiyo, iitwayo .Trashes, na nafasi hairudi mpaka taka zimwagwe. Mtu anaona kadi tupu, kamera inaona kadi imejaa, na kila mmoja anasema kweli kwa anachokiona. Kompyuta hizo huacha pia faili nyingine zilizofichwa ambazo majina yake huanza na nukta. Windows nayo hutengeneza folda iitwayo System Volume Information. Kwa kawaida vitu hivi havina madhara, ila kamera nyepesi zinazotegemea orodha yake kamili huweza kuchanganyikiwa.

Maana ya pili ni kufomati kwa mfumo usio sahihi, jambo tulilokwisha kulieleza. Liongezee mtego mmoja. Kompyuta ikikutana na kadi ambayo mfumo wake haiuelewi, hutoa ujumbe kwamba kadi inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumiwa, na kuuliza kama uendelee. Ujumbe huo hauthibitishi kwamba kadi ni mbovu. Unathibitisha tu kwamba kompyuta ile haiisomi. Anayebonyeza "ndiyo" kwa haraka amechana daftari la ghala lililokuwa zima.

Maana ya tatu ni kuchomoa kadi kabla ya wakati. Kompyuta inaweza kuonyesha kwamba kazi imekwisha huku sehemu ya data ikiwa bado kwenye kumbukumbu yake ya ndani ikisubiri kuandikwa. Ukichomoa hapo, daftari linabaki nusu: jina la faili lipo, vyumba vyake havijulikani. Ndiyo maana tunafundishwa kutumia amri ya kutoa kifaa kwa usalama. Ukiirudisha kadi hiyo kwenye Windows, inaweza kukuambia kuna tatizo na kujitolea kulirekebisha. Marekebisho hayo mara nyingine huacha folda iitwayo FOUND.000 yenye faili za mwisho wa .CHK, ambazo ni vipande vya data visivyokuwa na mwenyewe. Anayezifuta kwa kudhani ni virusi huweza kuwa anafuta video aliyokuwa akiitafuta.

Virusi navyo vipo, tusijifanye havipo. Kompyuta inayochomekewa flashi za kila mpita njia huvibeba kwa urahisi. Aina inayosumbua sana kwetu huficha folda halisi na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Kwa kamera, matokeo ni faili ngeni kwenye kadi. Kirusi cha Windows hakiwezi kuendeshwa ndani ya kamera, kwa hiyo usiandike kwamba "kamera imeambukizwa". Andika kwamba yaliyomo kwenye kadi yamebadilishwa.

La mwisho ni dogo mpaka linachekesha. Kadi ndogo ikiingizwa kwenye kompyuta kwa kutumia adapta, adapta ile ina kitufe kidogo cha kuteleza pembeni kilichoandikwa Lock. Kikishushwa, kompyuta inakataa kuandika au kufuta chochote. Nimeona kadi nzima ikitangazwa kufa kwa sababu ya kitufe hicho. Angalizo: kitufe kiko kwenye adapta, hakiko kwenye kadi ndogo, kwa hiyo hakiwezi kuwa sababu ya kamera kugoma ikiwa kadi ndogo imechomekwa kamerani peke yake.

Kupima kabla ya kutibu

Fundi asiyepima huharibu. Kanuni moja inatangulia zote: kama kwenye kadi kuna video ya muhimu, usirekodi wala kuandika kitu kingine hapo, na usifomati. Faili linapofutwa, kinachofutwa ni maandishi ya daftari. Picha zenyewe hubaki vyumbani mpaka mzigo mwingine uingizwe juu yake. Programu za kuokoa data, kama PhotoRec ambayo ni ya bure, hutembea chumba kwa chumba bila kutegemea daftari. Hufanikiwa zaidi kadiri kadi ilivyoachwa bila kuguswa, na kile kinachookolewa lazima kihifadhiwe mahali pengine, si kwenye kadi ileile.

Baada ya hapo jiulize tatizo liko kwenye kadi au kwenye kamera. Chomeka kadi nyingine nzima kwenye kamera. Kamera ikirekodi, yenyewe haina kosa. Ichunguze basi kadi ya kwanza kwenye kompyuta bila kubadilisha chochote: fungua sifa zake, soma aina ya mfumo wa faili na nafasi iliyobaki. Ukikuta NTFS, umeshapata jibu. Ukikuta mfumo sahihi lakini nafasi imejaa huku folda zikionekana tupu, washa uonyeshaji wa faili zilizofichwa.

Ukishanakili kila cha thamani kwenye kompyuta, ifomati kadi ndani ya kamera yenyewe kupitia menyu yake. Hili ndilo jibu ambalo watahiniwa hulisahau. Kamera huandika daftari kwa hati yake, hutengeneza folda zake, na kama ni ile inayotayarisha faili mapema, hulifanya hilo pia. Kufomati kwenye kompyuta kuna nafasi yake pale kamera inapokataa kabisa kuigusa kadi, na hapo chama cha viwango vya SD kina programu yake maalumu ya kufomatia iliyo bora kuliko dirisha la kawaida.

Kama baada ya kufomatiwa kamerani kadi inakubali kwa siku mbili kisha inagoma tena, au inakubali kufutwa lakini faili zinarudi zilezile, kompyuta haina kosa. Chipu za flashi huchoka kwa kuandikwa mara nyingi, na kadi iliyochoka huweza kujifunga ikabaki ya kusomwa tu. Kamera ya gari huandika mfululizo, tena kwenye joto la kioo cha mbele, ndiyo maana ziko kadi zilizotengenezwa kustahimili kazi hiyo. Ziko pia kadi za bandia zinazojitangaza kuwa na GB 128 wakati ndani ni 8.

Hesabu inayoweza kukukuta

Kamera inarekodi kwa kasi ya megabiti 16 kwa sekunde. Kadi ni ya GB 32, na mtu ameweka filamu na nyimbo za GB 31.5 alipokuwa kwenye kompyuta. Kamera inakata vipande vya dakika tatu. Je, itaweza kutunza vipande vingapi?

Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo 16 ÷ 8 = MB 2 kwa sekunde. Kwa dakika ni 2 × 60 = MB 120, na kipande cha dakika tatu ni MB 360. Nafasi iliyobaki ni GB 32 − 31.5 = GB 0.5, yaani MB 500. Kipande kimoja tu ndicho kinachotosha. Kila baada ya dakika tatu kamera italazimika kufuta kile ilichomaliza kurekodi, au itatangaza kadi imejaa na kusimama. Kadi hiyohiyo ikiwa tupu ingetunza 32,000 ÷ 120, yaani takriban dakika 266, ambazo ni saa nne na dakika ishirini na sita.

Usishangae kompyuta ikiandika kwamba kadi ya GB 32 ina 29.8. Mtengenezaji anahesabu baiti bilioni 32, Windows inagawanya kwa 1,073,741,824. Hakuna aliyeiba.

Jibu la swali letu

Sasa tunaweza kumjibu yule dereva kwa sentensi zenye sababu. Kuna uwezekano mkubwa kwamba kadi ilifomatiwa steshenari kwa mfumo ambao kamera haiusomi, kwa mfano NTFS, hivyo kamera ilishindwa kuandika tangu siku ile. Uwezekano wa pili ni kwamba faili ambazo kamera ilizitegemea zilifutwa. Katika hali zote mbili kamera ingetoa ishara, kwa mlio au kwa taa nyekundu kumeta, na dereva aliyeizimisha sauti kwa sababu inamkera asingejua.

Je, programu ya kuokoa data ingeirudisha video ya ajali? Hapana. Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Programu hiyo huokoa kilichowahi kuandikwa. Ingeweza kurudisha video za kabla ya steshenari, lakini video ya ajali haikuandikwa kamwe. Tofautisha kilichofutwa na kisichorekodiwa, na uiandike tofauti hiyo waziwazi katika jibu lako. Pia eleza alichopaswa kufanya dereva jioni ileile: kuirudisha kadi kamerani, kuifomati humo baada ya kunakili alichohitaji, kuendesha dakika tano, kisha kucheza video kwenye kioo cha kamera ahakikishe imeingia.

Mazoezi

1. Mwalimu amenakili video kutoka kwenye kadi ya kamera ya basi la shule kwa kutumia kompyuta ya Apple, kisha amefuta video zote. Kamera inasema kadi imejaa. Eleza sababu na hatua mbili za kuchukua. (alama 4)

2. Kwa nini si sahihi kuandika kwamba kirusi cha Windows "kimeambukiza kamera ya gari"? (alama 2)

3. Kamera hurekodi kwa megabiti 24 kwa sekunde kwenye kadi ya GB 64. Vipande vilivyofungwa na kihisi cha mtikisiko vimechukua GB 10. Kokotoa muda wa video ambao kamera inaweza kutunza kabla ya kuanza kufuta. (alama 5)

4. Kijana ameingiza kadi ndogo kwenye kompyuta kwa adapta. Kompyuta inakataa kufuta faili lolote, lakini kadi hiyo ikirudishwa kamerani inarekodi vizuri. Taja sababu inayoelekea zaidi, na utoe hoja ya kukataa dai kwamba kadi imechoka. (alama 4)